Mafunzo ya Baridi ya Jonah Kibii

Kila asubuhi, saa kumi na mbili kasorobo, Jonah Kibii alijaza karai maji ya tangi, akalibeba hadi nyuma ya jiko la chuo, akaketi juu ya kreti la soda na kutumbukiza miguu yote miwili. Alikaa hivyo dakika ishirini, saa yake ya mkono ikiwa imelala juu ya goti. Alipomaliza aliikausha miguu kwa taulo la kijani, kidole kimoja kimoja, akamwaga maji kwenye sukuma wiki za Cherop mpishi, kisha akasema kwa sauti ya kutosha kufika dirishani, "Bwana asifiwe. Leo sijasikia kitu."

Alikuwa anajizoesha baridi ya Norwei.

Ni vizuri ijulikane mapema kwamba Jonah amezaliwa Olenguruone. Huko juu, mwezi wa saba, umande huganda kwenye nyasi na kuunguza majani ya viazi, na watoto wanaochunga bila viatu hungoja ng'ombe ainuke ili wasimame pale alipolala, kwa kuwa pana joto. Mtu aliyekulia hivyo hahitaji karai. Lakini Mwalimu Nderitu, aliyekuwa akimfundisha baridi, alitoka Kamere, kando ya ziwa, ambako watu hulala madirisha wazi. Kabla ya kuitwa katika utumishi, Mwalimu Nderitu alifanya kazi kwenye chumba baridi cha kuhifadhia maua, na alipozungumza juu ya theluji, alizungumza kama mtu anayekumbuka waridi zilizofungwa tayari kusafirishwa. Ng'ambo aliwahi kufika mara moja, kwa wiki tisa, akiwa na kwaya, wakati Jonah alikuwa bado hajaota meno. Wiki hizo tisa zimezaa silabasi ya miaka miwili.

Chuo chetu kiko Bahati, nyuma ya duka la agroveti, na kinaitwa Chuo cha Wajumbe wa Mavuno. Mimi ni karani wake. Nachapa barua, natunza faili na rafu mbili za vitabu zinazoitwa maktaba. Ni kazi isiyotaka maneno mengi, na watu wakizoea kukuona kimya huendelea kuzungumza mbele yako kana kwamba wewe ni kabati. Ndiyo maana najua mambo haya.

Somo kuu la muhula wa mwisho hufanyika katika Nyumba ya Ng'ambo. Zamani ilikuwa banda la kuku. Sasa ina zulia, kengele ya betri, hita isiyo na waya, na ukutani picha ya mlima wenye theluji iliyokatwa kwenye kalenda. Mvua ikinyesha, kuku hurudi kwa harufu. Humo ndani Mwalimu Nderitu huvaa sweta mbili na kuwa Bwana Olsen, mzee wa Norwei asiyetaka kuokoka. Mwanafunzi hubonyeza kengele, na jinsi anavyofukuzwa ndivyo anavyopewa alama.

Masharti yamebandikwa kando ya mlango, nimeyachapa mimi. Simama hatua mbili kutoka mlangoni. Usiulize habari za nyumbani, za mke, watoto wala mifugo, maana kule hayo huhesabika kuwa upelelezi. Zungumzia hali ya hewa. Sifu nyumba. Acha karatasi ya Injili. Shukuru kwa muda wake, uondoke bila kutazama nyuma, urudi siku nyingine. Kijana mmoja kutoka Molo, mwenye moyo mwema, alisahau na kumuuliza Bwana Olsen watoto wake wanaendeleaje. Bwana Olsen alifunga mlango kwa kishindo, na kijana akarudia muhula mzima.

Jonah hakuwahi kusahau. Nilimwona siku ya mtihani, suti ya kijivu, tai fupi, tabasamu lisiloonyesha meno.

"Hali ya hewa ni nzuri leo, Bwana Olsen."

"Ni mbaya," akasema Mwalimu Nderitu kupitia upenyo wa mlango.

"Una nyumba nzuri."

"Si ya kuuza."

"Nimekuletea karatasi ndogo."

"Weka hapo chini."

"Asante kwa muda wako."

Jonah aligeuka akaondoka bila kutazama nyuma, na kabla hajafika kwenye tangi Mwalimu Nderitu alitoka mbio akipiga makofi, sweta zote mbili zimemlowa jasho. "Mmeona? Mmeona vile mtu anafukuzwa na haachi heshima? Tisini na sita! Sijawahi kupeana tisini na sita!"

Kuanzia siku hiyo Jonah hakuwasalimu watu tena. Si kwa kiburi, nadhani. Somo lilikuwa limemwingia. Cherop alipomwona akipita na karai lake alimwita dirishani.

"Jonah, umeamkaje?"

"Kuna mawingu, Cherop."

"Nimekuuliza mawingu?"

"Yanaweza kufunguka mchana."

Cherop alinigeukia, mwiko mkononi. "Huyu ashakuwa mzungu kabla ya ndege. Ngoja akule ugali na uma, tuone kama haitamwangukia kwa hiyo tai."

Kulikuwa na jambo moja katika faili la Jonah ambalo lilimpandisha juu ya wanafunzi wote. Katika wasifu wake, chini ya Uzoefu, aliandika: "Mwaka juzi, katika hafla moja Olenguruone, niliongoza roho kumi na moja kwa Bwana." Wengine walikuwa wamefundisha shule ya Jumapili, au kupanga viti. Jonah alikuwa na roho kumi na moja kwa siku moja. Alitoa ushuhuda huo Njoro, akautoa Rongai, akautoa kwenye mikutano ya vijana mjini Nakuru, na Mwalimu Nderitu akaupa jina: Ushindi wa Olenguruone. Ulitoka kwenye jarida la chuo pamoja na picha ya Jonah akitazama juu. Hakuna aliyeuliza ilikuwa hafla gani. Mimi niliuchapa mara nne na sikuuliza.

Ikabaki Barua ya Amani.

Kanuni hii ni ya zamani kuliko Mwalimu Nderitu. Hakuna mjumbe anayevuka bahari akiwa ameacha ugomvi nyumbani. Mchungaji wa kijijini kwake huandika jina la mtu mwenye neno naye, na mtu huyo lazima aweke sahihi kwamba wamepatana, mbele ya shahidi kutoka chuoni. Shahidi aliongezwa baada ya mwanafunzi fulani kujiwekea sahihi mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Mara nyingi wachungaji huandika jina la mama, na mama huweka sahihi akilia, na kazi imekwisha. Mchungaji wa Olenguruone aliandika, kwa kalamu ya risasi iliyobonyezwa sana: Jepkemei, dada yake.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Ndege ilikuwa Jumatatu. Barua isipokuwa mezani Ijumaa jioni, nafasi ya Norwei ingekwenda kwa yule kijana wa Molo mwenye kuuliza habari za watoto.

"Wewe si mtu wa maneno," Mwalimu Nderitu aliniambia. "Nenda naye kesho ushuhudie. Ukiona wamepatana, piga muhuri."

"Ni kitu kidogo," Jonah alisema. "Dada yangu ana hasira za karibu, lakini zinaisha."

Hasira hizo za karibu zilikuwa na miaka miwili.

Tulifika Alhamisi kabla ya saa sita, ukungu ukiwa bado umekalia majani ya chai. Nyumba waliyolelewa ni ya mbao, paa la mabati, na mlango wake umekatwa katikati, nusu ya juu na nusu ya chini, ili kuku wasiingie na mwanga uingie. Mama yao alifariki Jonah akiwa mdogo, na bibi yao, Gogo, ndiye aliyewalea hapo. Jepkemei alikuwa uani, gambuti miguuni, akichagua viazi vya mbegu. Ni mwanamke mrefu wa miaka thelathini na kitu, mwenye mikono ya kazi. Alimwona Jonah langoni. Akaweka chini kiazi alichokuwa nacho, kwa upole kama yai, akaingia ndani, akafunga nusu ya chini, kisha nusu ya juu.

Nilidhani Jonah angeita. Mtu akifika kwao huita, hata akiwa amekosana na nyumba nzima. Yeye alinyoosha tai, akapanda barazani, akabisha mara moja, akarudi nyuma hatua mbili. Akatabasamu bila meno.

"Hali ya hewa ni nzuri leo," aliuambia mlango.

Kuku mmoja alipita katikati yetu.

"Nani huyo, na anauza nini?" sauti ikatoka ndani.

"Ni mimi."

"Mimi wako wengi."

"Jonah."

"Jonah gani? Ule wa samaki?"

"Jepkemei, si unajua sauti yangu."

"Sauti yako naijua. Hata watu wa ng'ambo ya mto wanaijua. Ilikuwa na maikrofoni."

Nusu ya juu ikafunguka kidogo, na jicho moja likanitazama mimi, likalitazama faili. "Wewe mrembo wa karatasi, ingia. Baridi itakumaliza bure na hujanikosea kitu."

Nikaingia. Mlango ukafungwa tena nyuma yangu, juu na chini. Nikakalishwa karibu na moto, nikapewa kikombe cha chai ya maziwa na kiazi cha kuchemsha, na shahidi wa Jonah akawa ndani huku Jonah yuko nje. Chini ya mlango kulikuwa na nafasi ya vidole vitatu. Niliona viatu vyake vyeusi, vimesimama sambamba.

"Una nyumba nzuri," vikasema viatu.

"Hiyo mabati ulipiga misumari wewe," Jepkemei akajibu bila kugeuka, "na inavuja juu ya kitanda ya Gogo. Endelea."

Jepkemei akaketi mbele yangu, akaanza kusema nami kwa sauti iliyokusudiwa kupita kwenye ubao.

"Huko kwenu mmeambiwa nini? Kwamba aliokoa watu?"

"Kumi na moja," nikasema.

Alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Watano walikuwa wenye tenti. Walitaka amalize watoe viti zao. Watatu ni wazee hawasikii, waliona wengine wameinua mkono wakainua. Chepngeno, huyu jirani, alikuwa anaomba maji. Wawili waliinua kwa woga, na mmoja mpaka leo hapiti hapa kwa kaburi jioni. Ndio hao. Ulishawaandika?"

"Mara nne."

"Kaburi ya nani, hakuwaambia?"

Nikatikisa kichwa. Ndipo nilipojua hafla ilikuwa nini. Ilikuwa mazishi ya Gogo.

Jonah alikuwa ameokoka wiki tano kabla. Wajukuu walipewa dakika tatu za kusema, kama ilivyo kawaida, na yeye alichukua arobaini. Aliwaambia waombolezaji kwamba bibi huyu aliyelala mbele yao alinusa ugoro, alipika pombe ya busaa, na mara tatu aliletewa ubatizo akasema atafikiria. Kwa hiyo wasidanganyike na maua. Alipo sasa hivi anaungua. "Na akaonyesha na kidole," Jepkemei alisema. "Chini. Sanduku iko hapo, haijateremshwa. Mimi niko hapo na leso yake kwa mabega."

Alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Hiyo busaa, mrembo, ilikuwa ya wamama wa kikundi. Wanakuja wanapalilia shamba yetu, wanakunywa, kesho tunaenda kwa mwingine. Hizo viazi ndizo zilimlea huyu. Alikula mpaka akamaliza shule na hakuwahi kusikia harufu ya dhambi." Akageuza uso kuelekea mlango. "Na niwaambie watu wa Norwei nani alikuwa anambeba kwa mgongo mpaka shule, darasa la tatu, mtu mzima, juu ya kuogopa bata bukini wa Chepngeno?"

"Walikuwa wanauma!" ikatoka sauti ya nje.

Yalikuwa maneno yake ya kwanza siku hiyo ambayo hayakuwa kwenye masharti. Lakini alijirekebisha upesi. Nikasikia akikohoa, kisha karatasi ikapita chini ya mlango, ikateleza hadi kwenye gambuti ya Jepkemei. Ni karatasi yetu, ya rangi, tunazo maboksi mawili ofisini. Juu imeandikwa kwa herufi nyekundu: UKIFA LEO UTAENDA WAPI?

Jepkemei aliisoma akiwa amesimama, mbele na nyuma, mpaka kwenye anwani ya chuo. Kisha akaikunja mara nne, akainama, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi. Akaitikisa meza. Haikucheza tena.

"Mwambie asante," akaniambia. "Hii imesaidia."

"Asante kwa muda wako," vikasema viatu, vikageuka, vikaondoka.

Jepkemei alikwenda kuchungulia kwenye upenyo, nami nikachungulia nyuma yake. Jonah alikuwa amefika kwenye tangi la maji na kusimama. Alikuwa amemaliza hatua zote bila kosa, na alionekana kama mtu anayeshangaa kwa nini hakuna anayetoka kupiga makofi. Masharti yanasema urudi siku nyingine. Yeye hakuwa na siku nyingine.

Mvua ikaanza, ile ya milima ya Mau isiyotoa onyo. Ilipiga mabati hadi hatukusikizana. Matone yakaanza kuanguka juu ya kitanda kilichokuwa pembeni, kitupu, kimetandikwa, na Jepkemei akasogeza sufuria chini ya tundu bila kutazama, kama mtu afungavyo kifungo. Nilifikiri Jonah amekimbilia kibanda cha ng'ombe. Kumbe amerudi. Niliona viatu vikipanda barazani, vikasimama, kisha vikavuliwa. Soksi nazo zikavuliwa. Akaviweka viatu ukingoni, kimoja kando ya kingine, vikitazama nje, na Jepkemei alipoviona vimepangwa vile alikunja midomo. Baadaye aliniambia ndivyo Gogo alivyotaka, kwa ajili ya matope, na kwamba mtoto aliyevipanga vikitazama ndani alilala bila maziwa.

Sasa chini ya mlango kulikuwa na nyayo mbili tupu juu ya saruji iliyolowa. Zilikuwa zinatetemeka, vidole vyote kumi. Wiki sita za karai hazikusaidia kitu.

"Chamgei," Jonah akasema.

Ni salamu ya kwao, ya kila siku, isiyo na uzito wowote mpaka siku unayokosa kuisema. Unaweza kumchukia mtu ukamnyima maji, ukamfungia mlango ukamwachia mvua. Lakini akikusalimu huwezi kunyamaza. Anayenyamaza kwa salamu anahesabiwa mchawi, na majirani wataisikia habari hiyo kabla ya jioni. Jepkemei aliutazama mlango, na neno likamtoka kama mbegu ya limau.

"Chamgei."

"Ng'ombe wako aje?"

"Mmoja amezaa."

"Dume ama jike?"

"Jike."

"Chepngeno?"

"Ako. Mguu unamsumbua."

"Na bata bukini?"

"Walikufa."

"Wote?"

"Wote."

"Pole," akasema Jonah, na ilisikika kama anasema kweli.

Jepkemei aliziba mdomo kwa ncha ya leso. Alipoiondoa uso wake ulikuwa umerudi mkali, lakini alifungua nusu ya juu ya mlango, akaegemeza viwiko juu ya nusu ya chini. Jonah alikuwa amelowa hadi tai imejikunja kama ulimi. Hakutabasamu, wala kwa meno wala bila meno.

"Leta hiyo barua," Jepkemei aliniambia.

Nikampa. Akaisoma kwa sauti. "Mimi niliyetia sahihi hapa chini sina ugomvi wowote uliobaki na ndugu Jonah Kibii, nami namtuma kwa furaha." Akaniangalia. "Nani aliandika?"

"Mimi."

"Unaandika vizuri. Uongo umepangika." Akaiweka juu ya ukingo wa mlango, akaikandamiza kwa kiganja. "Sasa wewe. Nina swali moja. Moja tu, hata si la kusomea. Ukinihubiria, nafunga juu na chini, na huyu msichana anarudi na faili yake tupu. Ukinijibu kama mtu, naweka sahihi."

Kabla sijasema aliuliza nini, nimalize kwanza habari ya faili, kwa kuwa faili ndilo kazi yangu. Barua ya Amani ya Jonah Kibii imo, imetiwa sahihi kwa kalamu ya bluu, kwa herufi kubwa, na pembeni ina alama ya duara ya kikombe cha chai. Iliwekwa mezani Ijumaa saa nne asubuhi. Mchana wa siku hiyo Jonah alikuja ofisini, akasimama karibu na rafu, akaniomba niufute ule mstari wa roho kumi na moja. Hakutoa sababu, nami sikuhitaji. Nikaufuta. Saa tisa Mwalimu Nderitu aliupitia wasifu, akaona pengo, akasema karani wetu siku hizi anasahausahau, akaurudisha mstari kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akafikiri kidogo, akakata kumi na moja akaandika kumi na mbili, kwa sababu sasa hata dada amepatana. Ndivyo ulivyosomwa kanisani Jumapili, siku ya kumuaga, na watu wakapiga vigelegele.

Jumamosi asubuhi Cherop aliyangoja maji ya sukuma wiki yake, hayakuja. Badala yake Jonah mwenyewe aliingia jikoni akamsalimu, akamuuliza habari ya watoto wote watano, mmoja baada ya mwingine, na ya mama mkwe, mpaka uji ukaungua. Cherop alilalamika wiki nzima juu ya sufuria ile, kwa furaha. Mwalimu Nderitu alisikia habari hiyo akaingiwa na wasiwasi. "Atawauliza wazungu habari za ng'ombe," alisema. "Miaka miwili ya kazi, na atawauliza habari za ng'ombe." Jonah aliondoka Jumatatu kama ilivyopangwa. Chini ya barua, kwenye mstari wa shahidi, kuna jina langu na muhuri. Fomu haina nafasi ya kuandika swali, kwa hiyo halimo.

Jepkemei alikuwa bado ameegemea mlango. Mvua ilikuwa imepungua, ikabaki ile ya kudondoka kutoka kwenye mabati. Nyuma ya Jonah, upande wa chini wa shamba, ua wa kaburi ulionekana, umepakwa chokaa upya.

"Gogo yuko wapi?"

Jibu la swali hilo limo kwenye kitabu chetu cha mafunzo, nami nimelichapa, pamoja na mistari ya kulithibitisha. Jonah alilijua kwa moyo. Alijua pia kwamba dada yake alikuwa ameshika barua, na kwamba mimi, niliyetumwa na chuo, nilikuwa nimesimama nyuma ya dada yake nikiwa na muhuri. Alinitazama mara moja. Akatazama kitanda chenye sufuria juu yake. Maji yalikuwa yakianguka tone moja moja, na nikahesabu mpaka saba.

"Sijui, Jepkemei," alisema. "Hata siku ile sikujua."